Mama anazimia ghafla, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haioni kitu. Tukubali kifaa cha chini ya ngozi?

Kitinda mimba: Wakuu, naombeni ushauri. Mama yangu ana miaka 61, anazimia bila dalili yoyote. Juzi alikuwa amekaa anakunja nguo, mara kichwa kikaanguka kifuani, shati bado liko mkononi. Alipozinduka akatuuliza mbona tumemzunguka. ECG safi, damu safi, kile kifaa cha kuvaa saa 24 nacho hakikunasa kitu. Sasa daktari anataka kumwekea kifaa chini ya ngozi ya kifua, kiwe kinatuma taarifa za moyo hospitali akiwa nyumbani. Mama anaogopa kisu. Tufanyeje?

Nesi wa Zamu: Pole sana, ndugu yangu. ECG ya kawaida hurekodi sekunde 10 hivi tu. Mtu anayezimia mara moja kwa miezi kadhaa, hata hizo saa 24 ni za kubahatisha. Hicho cha chini ya ngozi hakizidi urefu wa kidole. Anachomwa ganzi sehemu ile tu, anachanwa kidogo sana, na kwa kawaida anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Betri hudumu miaka kama 3 au zaidi. Mimi ningemkubalia daktari.

Baba Neema: Mzee wangu alikuwa nacho. Kisanduku kinachotuma taarifa kinakaa kando ya kitanda, usiku akilala kinavuta rekodi chenyewe. Kilichotuokoa ni kuonekana kwamba moyo ulikuwa ukisimama sekunde kadhaa. Akawekewa pesimeka, ile betri ya moyo, na hajaanguka tena.

Kitinda mimba: Asanteni. Kwa hiyo akianguka, hospitali wanajua papo hapo na kutuma gari?

Nesi wa Zamu: Hapana, na hili mlishike sana! Rekodi husomwa baadaye, mara nyingi saa za kazi. Akizimia amelala au anafanya kazi ya nguvu, akiumwa kifua, au moyo ukienda mbio kabla ya kuanguka, mkimbizeni hospitali. Mwambieni daktari pia kama kwenye ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana. Na kama anaendesha gari, aache mpaka daktari aruhusu.

Baba Neema: Akizinduka, bonyezeni kile kitufe cha kuhifadhi rekodi mapema, maana za zamani hufutwa na mpya. Mfundisheni kila anayeishi naye.

Dada Mkubwa: Dawa za presha je? Bebeni zote mkienda, na apimwe presha amelala kisha amesimama. Shangazi yangu tatizo lilikuwa hapo, presha ilikuwa inashuka akisimama.

Kitinda mimba: Anatumia aina mbili, nitazibeba. Mama anauliza kama ataweza kulalia upande wa kushoto.

Baba Neema: Ataweza. Siku za mwanzo panauma kidogo, baadaye Mzee alikuwa hata hakisikii.