Tupeane uzoefu: ulikipataje kikundi cha kuacha pombe, na kwa nini ulirudi?

Ndugu zangu, naomba sisi tuliopitia vikundi vya watu wanaoacha pombe tuelezane jinsi tulivyovipata, yaliyotokea siku ya kwanza, na sababu zilizotufanya tuendelee kuhudhuria au tuhamie kwingine. Wapo wanaotamani kwenda lakini hawajui kinachofanyika humo, na hofu hiyo inawakalisha nyumbani. Tusitaje majina wala kazi za tuliowakuta huko.

Nianze mimi, ninayeishi Nairobi. Nilipiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya. Aliyepokea aliniuliza ninakunywa kiasi gani, na kama mikono inatetemeka asubuhi kabla sijaonja chochote. Nilipokubali, alinisihi nimwone daktari kabla ya kuacha. Nawaomba mlizingatie hili kuliko yote nitakayosema: mwili uliozoea pombe nyingi kwa muda mrefu, ukikatiwa ghafla, unaweza kupata degedege, kuweweseka na kuona visivyokuwepo, hasa katika siku 4 za mwanzo, na hali hiyo inaweza kuua. Hilo ni jambo la hospitali, wala hakuna kikundi kinachoweza kulitibu.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye mkutano wa Alcoholics Anonymous, uliofanyika katika chumba cha kanisa ingawa kikundi chenyewe si cha kanisa. Hakuna aliyeniandikisha wala kunidai ada. Kikapu kilipitishwa, na mgeni hakulazimika kutoa. Sharti pekee la uanachama ni kutaka kuacha kunywa. Kila aliyetaka alizungumza habari zake mwenyewe bila kukatizwa, nami nilikaa kimya hadi mwisho bila kuulizwa neno. Utaratibu huu ulianza Akron, Marekani, mwaka 1935, pale dalali wa hisa Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili wakisumbuliwa na pombe, walipogundua kwamba mnywaji humsikiliza mnywaji mwenzake hata anapokuwa amekataa kumsikia mtu mwingine yeyote. Nilirudi kwa sababu hiyo hiyo.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Kaka, nashukuru kwa kufungua mada hii. Kwetu Waislamu mzigo huwa mara mbili, kwani pombe ni haramu na kukiri kwamba umekuwa mraibu ni kujianika mbele ya ukoo mzima. Niliogopa pia kwamba kikundi kingenivuta kwenye dini nyingine. Nilipozisoma Hatua Kumi na Mbili, yaani mwongozo wa kuacha pombe unaofuatwa na Alcoholics Anonymous, nilikuta zinataja Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomfahamu, na hakuna aliyenipangia namna ya kuomba. Hata hivyo, kikundi cha kwanza hakikunifaa, maana watu walikuwa wachache na wote walifahamiana na jamaa zangu. Nilihamia cha mbali na nyumbani, na huko ndiko niliweza kusema kweli. Usihukumu vikundi vyote kwa kimoja.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Mimi ni muuguzi, na nilikwenda nikiwa na mashaka makubwa, kwani niliona ni maneno ya kufarijiana tu. Kilichonifanya nitulie ni mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, ambayo yalionyesha kwamba kumwelekeza mgonjwa kwenye vikundi hivi kwa mpango maalumu humsaidia kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine zilizozoeleka, na mara nyingi kuzidi. Wapo pia wanaohudhuria huku wakitumia dawa walizoandikiwa na daktari, na hilo halina ubaya. Mjini kwangu sikupata kikundi karibu, kwa hiyo nahudhuria kwa simu. Siku za mwanzo nilizima kamera, na hakuna aliyelalamika. Kwa wenzangu wa Tanzania, zipo pia nyumba za upataji nafuu tunazoziita soba, ambako mtu hulala na kuishi kwa kipindi, lakini ulizeni mapema gharama zake na kama zina mtaalamu wa afya.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Wadogo zangu, mimi sinywi. Anayekunywa ni mume wangu. Kwa muda mrefu nilimficha: nilipiga simu kazini kwake kusema anaumwa, nililipa madeni yake ya baa, nilimwaga chupa na kesho yake nikakuta nyingine. Nilipelekwa Al-Anon, kikundi cha jamaa wa wanywaji kilichoanzishwa mwaka 1951, na humo nilisikia mama mwenzangu akisimulia maisha yangu bila kunijua. Mume wangu bado hajaacha. Mimi nalala usingizi, watoto wanakula kwa wakati, na madeni ya baa silipi tena.

Mchangiaji kutoka Nakuru

Dada yangu yuko tayari kwenda lakini anataka nimsindikize. Je, nitaruhusiwa kuingia?

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, uliza kama mkutano ni wa wazi au wa kufungwa. Wa wazi hupokea jamaa na marafiki. Wa kufungwa ni kwa wanaotaka kuacha kunywa pekee, na hapo utamsubiri nje. Ipo pia mikutano ya wanawake peke yao, hasa ile ya mtandaoni.