Naombeni ushauri: eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) za mdogo angu ziko juu, ndo pumu imekuwa kali?

dada_wa_newala: Habari za leo wakuu, naombeni msaada maana sina raha kabisa. Mdogo angu ana miaka 24, pumu anayo toka utotoni ila msimu huu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho kifua kimembana vibaya, usiku analala amekaa, ule mluzi wa kifuani unausikia hata ukiwa chumba cha pili. Hospitali wakampima damu, karatasi inasema seli nyeupe 6.8, eosinofili asilimia 9. Tukaambiwa zipo juu, tukaandikiwa predinisoloni za siku 5 basi, maelezo hakuna. Jirani anasema hiyo ni pumu sugu. Kweli hiyo 9 ni hatua mbaya? Na kipimo cha kupuliza pumzi kikoje? Pampu anayo ile ya bluu tu, siku hizi anavuta kila siku.

mtu_wa_maabara: Pole sana dada. Asilimia peke yake haitoshi, chukua 6.8 mara 9 gawa kwa 100 unapata 0.61, hizo zinahesabiwa kwa maelfu, yani seli kama 610 kwa maikrolita moja ya damu. Maabara nyingi mwisho wa kawaida ni 500, so zimepanda kweli. Ila huku kwetu minyoo na kichocho navyo vinazipandisha sana, mpimeni na choo. Damu ilitolewa kabla ya vidonge au baada? Nauliza kwa sababu predinisoloni ni steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, na inazishusha ndani ya masaa tu, mtu akipima katikati ya dozi anaona ziko sawa kumbe dawa imezificha.

dada_wa_newala: Kabla mkuu, vidonge hata hajaanza.

nesi_mstaafu: Mwanangu, ukali wa pumu hausomwi kwenye karatasi ya damu, unaangaliwa kwa kiasi cha dawa anachohitaji mgonjwa ili atulie. Mwenye 600 akipewa dawa ya kuvuta ya steroidi dozi ndogo akakaa bila kubanwa, pumu yake ni nyepesi. Anayetumia dozi kubwa na dawa ya pili juu yake, anaitumia vizuri, na bado anabanwa, huyo ndo mwenye pumu kali. Kama si minyoo, hiyo namba inasema njia za hewa zimevimba, na ni ule uvimbe unaosikia steroidi, kwa hiyo mimi naona ina matumaini, ingawa mwenye namba kubwa anabanwa ghafla kirahisi zaidi. Kinachonitisha mimi ni hiyo pampu ya bluu kila siku!! Inafungua njia tu, uvimbe inauacha palepale. Toka 2019 mwongozo wa GINA, ule wa kimataifa wa kutibu pumu, hautaki mtu mzima atibiwe kwa hiyo peke yake. Rudini mkaombe ya steroidi, iwe bekilometasoni au budesonidi yenye fomoteroli (dawa ya kufungua njia ya hewa), na kila akivuta asukutue mdomo asipate fangasi.

kifua_changu: Kipimo cha pumzi kinasoma gesi ya naitriki oksaidi, unapuliza taratibu kwa mwendo mmoja sekunde kama 10. Mtu mzima akiwa chini ya 25 (sehemu kwa bilioni ya hewa anayopuliza) uvimbe wa eosinofili ni mdogo, juu ya 50 upo. Sigara inaishusha, na dawa ya kuvuta pia. Hospitali nyingi hazina mashine yake. Mtafutie pifulo mita, kile kibomba cha kupuliza kwa nguvu, chenyewe hakipimi uvimbe ila kinaonyesha njia zimebana kiasi gani, aandike asubuhi na jioni wiki mbili daktari aone.

dada_wa_newala: Asanteni mno. Na salfa aache?

nesi_mstaafu: Aache, apulize mtu mwingine na yeye akae mbali na shamba siku hiyo.

mtu_wa_maabara: Naongezea, kuna mnyoo anaitwa strongiloidi, choo cha kawaida kinaweza kumkosa na steroidi za vidonge zinamfanya azaliane asambae mwilini, kwa hiyo mkumbusheni daktari kabla hajarudia predinisoloni. Ila dogo akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikabadilika rangi msisubiri kipimo chochote, mpeni ya bluu mkiwa njiani mnakimbia hospitali, hata kama ni saa nane usiku.