Ushauri: nianzie wapi muvi mpya za Kichina za miungu na majoka?

Mgeni_wa_Skrini

Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo wa muvi za Kichina za miungu, mapepo na majoka, hizi za miaka ya karibuni. Nimeangalia Creation of the Gods II nikatoka kapa: watu wengi, kila mmoja ana majina mawili, na sijui nani ana ugomvi na nani. Humo kuna kijana anaitwa Nezha, je ndiye yule wa katuni ya Ne Zha 2? Nataka kuangalia na watoto wawili, wa miaka 7 na 12. Halafu YouTube kumejaa muvi zenye majina hayohayo lakini picha zake za hovyo. Nazitofautishaje?

Mzee_wa_Kunlun

Mkuu, hiyo ni hadithi moja iliyokatwa vipande vitatu, na kipande cha pili hakina utangulizi wa kumsaidia mgeni. Rudi Creation of the Gods I (2023, mwongozaji Wuershan, dakika 148). Kabla hujabonyeza pleya, jua haya.

Chanzo ni riwaya ya Kichina ya enzi za Ming (karne ya 14 hadi 17) iitwayo Fengshen Yanyi. Inasimulia kuanguka kwa ukoo wa kifalme wa Shang, miaka elfu moja na ushee kabla ya Kristo. Mfalme ni Yin Shou, anayeitwa pia Zhou. Mji wake mkuu ni Zhaoge. Kila mtawala wa jimbo ametoa mtoto wa kiume akae Zhaoge kama mateka, na baba akiasi mtoto ndiye anayelipa. Ji Fa, shujaa wetu, ni mmoja wa mateka hao, baba yake anatawala Xiqi. Ukishika hilo la mateka, nusu ya muvi imefunguka. Nusu nyingine ni karatasi ndefu ya kukunja anayoshuka nayo Jiang Ziya kutoka mlima Kunlun akitafuta mtawala anayestahili kukabidhiwa. Mfalme akiitaka, ujue vita imeanza.

Kwenye riwaya, mungu wa kike Nüwa anamtuma pepo la mbweha kumharibu mfalme kwa sababu mfalme alimwandikia Nüwa shairi la utovu wa adabu hekaluni. Muvi imegeuza: mbweha Daji anafuata tamaa ambazo mfalme tayari anazo, na uovu wote unabaki kwa mwanaume. Kwangu hapo ndipo ilipoizidi riwaya. Tena Fei Xiang, mwimbaji aliyewika China tangu 1987, ameucheza ufalme ule kwa mwili mzima.

Ya pili imepwaya. Kuzingirwa kwa Xiqi na yale majitu manne kumepigwa picha vizuri, ila Yin Jiao, mwana wa mfalme, akigeuka jitu la bluu lenye vichwa vitatu anaonekana kama ametoka kwenye gemu ya simu. Na ukaribu wa Ji Fa na Deng Chanyu, jenerali wa kike, umewaudhi wasomaji, maana kwenye riwaya huyo mwanamke anaolewa na mhusika mwingine, Tu Xingsun. Mauzo ya tiketi hayakufika hata nusu ya ya kwanza.

Kuhusu Nezha: mhusika ni yuleyule wa riwaya ileile, muvi ni tofauti kabisa. Usiunganishe matukio.

Mama_Katuni

Mzee wa Kunlun, kwa heshima zote, kuna mtoto wa miaka 7 hapo! Creation of the Gods I ina tukio la baba kulishwa maandazi ya nyama ya mwanawe. Haionyeshwi kwa damu nyingi, lakini mtoto ataelewa na usiku hamtalala. Wa miaka 12 labda, mzazi akiwa pembeni.

Dada au kaka mleta mada, kwa watoto anza na Ne Zha (2019, mwongozaji Jiaozi). Kito kimoja kiligawanywa sehemu mbili, ya heri na ya shari. Ya shari ikamwingia Nezha, ya heri ikamwendea Ao Bing, mtoto wa mfalme wa majoka. Radi ya mbinguni itampiga Nezha baada ya miaka mitatu. Hayo yanatosha kuielewa yote. Usiiruke kwenda ya pili, kwa sababu Ne Zha 2 (Januari 2025, dakika 144) inaanzia palepale radi ilipowaacha wawili hao bila miili.

Tahadhari kwa Ne Zha 2: mji mzima unaangamizwa, na kuna kuagana kwa mama na mwana ndani ya tanuri la miungu. Watoto wakubwa hulia, wadogo huogopa. Saa ya kwanza ni vichekesho vingi vya mkojo na matapishi, wa miaka 7 atacheka mpaka ajisahau. Gawa vipande viwili, kata pale mitihani mitatu ya Nezha inapokwisha. Na majina ya watengenezaji yakianza kupita msizime, kuna kipande mwishoni.

Kama wa 7 anaogopa kirahisi, mpe Monster Hunt (2015) kwanza. Kuna zimwi dogo jeupe linaitwa Huba, na mwanaume anayebeba mimba yake. Ile sehemu ya jikoni wanapotaka kupika mazimwi mwambie mapema kwamba Huba anapona.

Nyoka_Mweupe

Naongeza zile za nyoka za studio ya Light Chaser, maana watu wanaziangalia kwa mpangilio wa kutoka wakachanganyikiwa. Mpangilio wa hadithi ni White Snake (2019), halafu White Snake: Afloat (2024), halafu Green Snake (2021). Ya 2021 inaanza na mafuriko ya hekalu la Jinshan na dada mkubwa, yule nyoka mweupe, kufungiwa chini ya mnara wa Leifeng, na hayo ndiyo ya 2024 inayoyasimulia kwa urefu. Leifeng ni mnara wa kweli, uko kando ya ziwa Magharibi pale Hangzhou, ulianguka 1924 ukajengwa upya.

Hizi si za mtoto wa miaka 7. Ya 2019 ina mahaba ya wazi kuliko katuni nyingi.

Fundi_Sabtaito

Swali la YouTube. Zile ni muvi za mtandaoni, zinatengenezwa kwa ajili ya majukwaa kama iQIYI, Youku na Tencent Video, nyingi dakika 70 hadi 90, bajeti ndogo. Muvi iliyopita sinema China inafunguka na skrini ya kijani yenye joka la dhahabu. Usipoliona joka, na urefu uko chini ya saa moja na nusu, shusha matarajio. Kutafuta, tumia jina la Kichina: 封神第一部 kwa Creation of the Gods I, 哪吒之魔童闹海 kwa Ne Zha 2. Kumbuka pia kuna The Yinyang Master na The Yin-Yang Master: Dream of Eternity, zote za mapema 2021 kule Netflix. Majina yanafanana, lakini hadithi zake hazihusiani.

Sabtaito (maandishi ya tafsiri chini ya picha) zikichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC ya kompyuta, programu ya kuchezea video, bonyeza G au H, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Zikianza sawa kisha zikazidi kupotea, tatizo ni kasi ya fremu: faili la sabtaito ni la fremu 25 kwa sekunde na video ni ya 24. Kwa Ne Zha 2 tofauti inafika karibu dakika 6 mwishoni, na G na H hazitakusaidia. Tafuta faili jingine, au rekebisha kasi ya sabtaito kwenye dirisha la usawazishaji la VLC.

Epuka kopi ya MB 700. Vita ya mwisho ya Ne Zha 2 ina maelfu ya wapiganaji, kwenye kopi hiyo picha inageuka vigae-vigae.

Mgeni_wa_Skrini

Asanteni sana. Muvi za kutafsiriwa, zile za msimulizi wa Kiswahili, zinafaa kwa watoto?

Mama_Katuni

Kwa Monster Hunt zinafaa. Kwa Ne Zha hapana: Shen Gongbao, mwalimu wa Ao Bing, ana kigugumizi na Taiyi, mwalimu wa Nezha, anaongea lafudhi ya Sichuan, msimulizi anawafunika wote. Ne Zha 2 ipo yenye sauti za Kiingereza, mama wa Nezha akiwa Michelle Yeoh. Mwenye 12 aangalie hiyo, na wewe umsimulie wa 7 polepole.