Osteoblasti zinakufa hata baada ya jentamaisini: ni bakteria au sumu yao?

Kisima24
Wakuu, habari za kazi. Naambukiza seli za MG-63 (seli za maabara zinazofanana na osteoblasti, yaani seli za kujenga mfupa) kwa bakteria Staphylococcus aureus: bakteria 50 kwa kila seli, saa 2 kwenye inkubeta, halafu antibiotiki ya jentamaisini mikrogramu 100 kwa mililita, iwaue walio nje ya seli. Kesho yake nusu ya seli zinaelea na majimaji yamekuwa ya manjano. Vitambuzi vya kifo, aneksini V (hushika seli zinazoanza kufa) na PI (huingia utando ukipasuka), vinawaka vyote viwili, kwa hiyo sijui niite apoptosisi (seli kujiua kwa mpangilio) au nekrosisi (seli kupasuka na kufa). MTT, kipimo cha rangi cha uhai wa seli, nayo inaonyesha seli ni nzima! Nakosea wapi?

Darubini
Mkuu, anza na hayo manjano. Majimaji yenye fenoli nyekundu (rangi ya kuonyesha tindikali) hugeuka hivyo tindikali ikizidi. Yaani bado kuna bakteria wanazaliana nje ya seli, na uchachu wao unaziua. Hakikisha kwanza kwamba aina yako haina usugu kwa jentamaisini. Kisha weka laisostafini (kimeng'enya kinachopasua ukuta wa stafilokokasi) mikrogramu 20 kwa mililita kwa dakika 30, ioshe, na panda mikrolita 100 za majimaji ya juu kwenye agari. Ukiona koloni hata chache, bakteria wa ndani na wa nje ya seli wamechanganyika, na jaribio hilo usilihesabu.

MTT iache kabisa. Bakteria hai nao huigeuza zambarau, ndiyo maana inakupa matumaini ya bure.

Kuhusu aneksini: inahitaji kalsiamu ili ishike, na ile EDTA iliyomo kwenye tripsini (dawa ya kubandua seli) huinyang'anya kalsiamu hiyo. Osha seli mara 2, halafu zitie kwenye bafa yenye kalsiamu milimola 2.5. Zinazoelea usizimwage, zikusanye pamoja na zilizoshika, maana hizo ndizo zilizotangulia kufa. Pima saa ya 4, ya 8 na ya 24. Ndani ya kisima cha sahani ya maabara hakuna makrofaji (seli za kinga zinazosafisha) wa kuzila seli zilizokufa kwa apoptosisi, hivyo mwishowe utando wake hupasuka na PI huingia. Ukisubiri saa ya 24 tu, kila kifo kitafanana na nekrosisi.

Utando
Naongeza upande wa njia ambayo bakteria huua seli, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea tafsiri. Bakteria huyu huingia ndani ya seli kwa daraja: protini zake hushika faibronektini (protini iliyo kati ya seli), na faibronektini hushikwa na integrini alfa-5 beta-1, kipokezi cha juu ya osteoblasti. Kama unatumia aina ya Newman ya bakteria huyu, protini hizo zimekatika na hazikai kwenye ukuta wake, kwa hiyo wanaoingia ni wachache mno. Wakishaingia, TRAIL (protini inayoashiria seli ife) hupanda, kaspasi-8 huamka na kuiamsha kaspasi-3; kaspasi ni vimeng'enya vinavyotekeleza apoptosisi.

Lakini si lazima waingie. Protini A ya juu ya ukuta hushika TNFR1, kipokezi cha juu ya osteoblasti, na kuanzisha kifo ikiwa nje. Sumu ya alfa, yenyewe, hutoboa utando moja kwa moja.

Kwa hiyo tenga visima: bakteria hai, waliouawa kwa joto, majimaji yao yaliyochujwa kwa mikroni 0.22, na hai pamoja na saitokalasini D ya kuzuia kumezwa (weka pia kisima cha saitokalasini peke yake, maana nayo huziumiza seli). Rudia vyote ukiongeza z-VAD (kizuizi cha kaspasi) maikromola 20. Majimaji yaliyochujwa yakiua, na z-VAD isiokoe, shuku sumu inayotoboa. Saitokalasini ikiokoa, tatizo liko kwa walioingia.

Goti
Na zile ambazo hazijafa mziangalie pia. Osteoblasti iliyoambukizwa hutoa RANKL zaidi, protini ya ishara, nayo huziita osteoklasti, seli zinazokula mfupa. Mfupa unaliwa huku wajenzi wakipungua, lakini eksirei huweza kuonekana safi kwa siku 10 hadi 14 za mwanzo. Ndiyo maana mtoto mwenye homa na mguu asioukanyagia hasubirishwi picha ibadilike.

Jentamaisini haipenyi vizuri ndani ya seli. Waliojificha humo hubaki, na baadhi hugeuka koloni ndogo zinazokua polepole. Ukipanda kuhesabu wa ndani, zipe sahani saa 72, si 24. Rifampisini, antibiotiki nyingine, hupenya, ila haitumiki peke yake kwani usugu huzuka upesi.

Kwa wagonjwa wa seli mundu huku kwetu, Salmonella nayo ni chanzo kikubwa cha maambukizi ya mfupa. Ukihamia kwake, laisostafini haimgusi, ni ya stafilokokasi tu. Hapo utabaki na jentamaisini.