Dizeli kwenye baridi kali: mliopitia, tupeane uzoefu

Baba Fahmi, Mikindani
Assalaam aleikum ndugu zangu. Kijana wangu alianza kazi ya trela Winnipeg, Kanada, mwezi wa 11. Juzi alinipigia video akanionyesha filta aliyoifungua kando ya barabara. Ndani dizeli ilikuwa nyeupe, nzito, kama mafuta ya nazi kwenye chupa asubuhi za kusi. Nimeendesha dizeli miaka 26, Mombasa mpaka Malaba, sijawahi kuona kitu kama kile. Nje ilikuwa nyuzi 34 chini ya sifuri, yuko peke yake, na sauti yake nilisikia yatetemeka. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa vipande. Aliyewahi kuamka na dizeli iliyokataa kwa baridi, iwe ng'ambo, iwe Timboroa, naomba atueleze yaliyomkuta na alivyojinasua. Yote nitamsomea mwanangu.

Fundi wa Changamwe
Pole mzee wangu. Alichokiona ni nta. Dizeli ina nta ndani yake siku zote, ila kwa joto letu imeyeyuka, haionekani. Baridi ikizidi, mafuta yanaanza kufanya ukungu, nta inashikana vipande vidogo vidogo, na vipande vile vinaenda kuziba filta. Tangi limejaa, lakini injini inakufa kwa njaa.

Halafu kuna kule kuwaka kwenyewe. Dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inaibana hewa mpaka hewa inapata moto, mafuta yakipulizwa yanalipuka. Chuma kikiwa baridi mno, kuta za silinda zinalinyonya lile joto kabla mafuta hayajashika. Hapo ndipo hita plagi, kile kijiti cha umeme kinachopasha silinda moto, inapofanya kazi yake. Hapa gereji naletewa magari hita plagi zote nne zimekufa na mwenyewe hana habari, kwa sababu Mombasa gari linashika tu. Lipeleke likalale Limuru mwezi wa 7 uone asubuhi: moshi mweupe, na haliwaki.

Wa Jomvu
Mimi ni Timboroa, mwezi wa 7, miaka kumi na kitu iliyopita. Pale barabara iko juu ya mita 2,700. Nilikuwa na mzigo wa Uganda, nikasema nilale kidogo ukungu upungue. Nikazima injini saa tano usiku. Alfajiri nyasi zimepiga weupe, kioo cha mbele kimefunga kabisa. Napiga stata, inazunguka kama mtu anayekoroga ugali wa sufuria kubwa: nguu... nguu... kimya. Taniboi wangu, kijana wa Kaloleni, alikuwa amejifunga shuka mbili na meno yanagongana.

Dereva mmoja mzee, Mkalenjin, akaleta lori lake karibu akatupa moto wa betri zake. Kabla ya kuwasha alivuta kijiti cha oili, akakigeuza juu. Oili haikudondoka. Ilining'inia pale kwenye ncha kama asali. Akaniuliza, "Umeweka gani?" Nikamwambia 40, ile ya kawaida tunayonunua kwa debe. Akanifundisha jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: kwenye 15W-40, ile W ni ya majira ya baridi, na namba iliyo kabla yake ndiyo inayosema oili itapita vipi injini ikiwa baridi. Ndogo ni bora. Na kule juu hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo hata ile ya kubanwa na pistoni ni haba. Tangu siku ile sijatia oili yenye namba moja tu, kama ile 40.

Mama Nasri, Kibokoni
Baba Fahmi, mimi naijua hiyo sauti inayotetemeka. Niliishi Edmonton, hukohuko Kanada, miaka 8, na mume wangu alikuwa na pikapu ya dizeli ya kazi.

Kule karibu kila gari lina waya wa umeme umechungulia mbele, kwenye grili. Usiku unauchomeka ukutani, na kuna hita ndani ya injini inayopasha yale maji ya kupoozea. Hata sehemu za kuegesha kazini zina soketi. Ukifika jioni, kitu cha kwanza ni ule waya, kabla ya viatu, kabla ya chai.

Usiku mmoja, nyuzi 38 chini, waya ulilegea na hatukujua. Alfajiri mwanangu amebanwa na kifua, tunataka hospitali. Tulipoingia, kiti kilikuwa kigumu kama ubao wa jahazi. Taa za dashibodi zikawaka hafifu, stata ikatoa mlio mmoja, basi. Baridi inaifanyia betri dhuluma mbili: kwenye nyuzi 18 tu chini ya sifuri inabaki na karibu nusu ya nguvu, na wakati huohuo injini inataka nguvu zaidi kuzunguka. Jirani ndiye aliyetupeleka. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Mume wangu alirudi, akauchomeka ule waya, akangoja masaa manne mazima, kisha pikapu ikashika bila taabu.

Mwambie kijana haya. Dizeli ya kule inabadilishwa msimu wa baridi ukiingia. Lori likitoka kusini mwa Marekani na mafuta ya nchi ya joto tangini, likifika Manitoba, jimbo la Winnipeg, ndipo linapokwama. Ajaze mafuta ya hukohuko baridini. Ile dawa ya kuzuia kuganda hutiwa kabla, mafuta yakiwa bado laini. Nta ikishaganda, haiiyeyushi. Atoe mara kwa mara maji yanayojikusanya kwenye kitenganishi cha maji na mafuta, maana tone likiganda kwenye bomba ni kizuizi tosha. Na filta ya akiba isikose. Ile AdBlue, maji ya kusafishia moshi, nayo huganda kwenye nyuzi 11 chini, lakini tangi lake lina hita. Asihangaike nayo, lori litawaka na yenyewe itayeyuka njiani.

Kijana wa Tudor
Na kuchanganya mafuta ya taa? Wazee wa zamani walikuwa wakifanya.

Fundi wa Changamwe
Walifanya, na kwa pampu za zamani ilisaidia, kwa sababu mafuta ya taa hayana nta nyingi. Lakini ni makavu. Pampu na nozeli za sasa zinalainishwa na dizeli yenyewe, ukitia mafuta ya taa unazisaga. Kwetu ndiyo usithubutu kabisa. Ule ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa uliowekwa 2018 ulikuja kwa ajili ya wachanganyaji.

Tena ile dawa ya kopo ya kuwashia, inayopulizwa kwenye njia ya hewa ya injini: injini yenye hita plagi usiipulizie. Inakutana na hita ya moto na kulipuka kabla ya wakati. Nimefungua injini yenye pistoni iliyopasuka kwa hilo.

Wakala, Shimanzi
Magari ya dizeli yanayotoka Hokkaido, kule kwenye baridi kaskazini mwa Japani, mtayajua: mengine yana betri mbili, na chini yameliwa na chumvi ya barabarani. Kinachonisikitisha ni mtu kumwaga kulanti, ile dawa ya kupoozea injini isiyoganda upesi, akajaza maji ya bomba. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, yanapasua bloku. Kulanti nusu na maji nusu inavumilia mpaka nyuzi 37 chini.

Baba Fahmi, Mikindani
Nimemsomea yote, Mola awalipe. Mama Nasri umelenga penyewe: lori lile alikabidhiwa na dereva aliyetoka nalo Texas, matangi yakiwa zaidi ya nusu. Hakuuliza, wala hakuambiwa. Sasa ana filta mbili nyuma ya kiti na blanketi, na jana usiku alipiga picha ya waya ukiwa umechomekwa, akanitumia.

Leo saa nane mchana, kwao saa kumi na moja alfajiri, nimepokea sauti yake. Hakusema neno. Sekunde 20 tu: stata, inazunguka nzito, inazunguka, halafu injini imeshika.