Eti reki ya babu ni ya kulalia kuku!

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado ina grisi na hasira. Mnamjua. Yule mjuzi wa kila chuma. Leo kaja shambani bila kuitwa, kaikuta reki ya babu, mashine ya kukusanyia nyasi zilizokatwa, kaizunguka mara moja, kaipiga teke gurudumu, kisha mbele ya wanangu kasema: "Hii ni ya kulalia kuku."

Ya kulalia kuku! Reki iliyolisha ng'ombe waliomsomesha baba, wakanisomesha na mimi! Ni ile ya kusukumia nyasi pembeni, fito tano zenye meno, haidai shafti ya kuzungushwa na injini ya trekta wala mafuta yake ya haidroliki, inazungushwa na magurudumu yake yenyewe. Msimu huu nimebadilisha meno tisa na beringi mbili. Nimeipiga jeki, nikazungusha gurudumu kwa mkono, fito zikapita kimya, hakuna jino lililogusa chuma. Yeye hata kuinama hakuinama. Mtu anakagua reki kwa kiatu?

Na hiyo yake mpya, ya magurudumu yenye vidole, inaparua udongo mpaka fuko wanahama. Nyasi inazisokota kama kamba, mawe humo humo. Lusini, yale majani ya kulishia mifugo, anaikusanya jua la saa nane, majani yote yanapukutika, anafunga marobota ya vijiti. Protini iko kwenye majani jamani! Mimi naingia asubuhi, umande haujaisha, majani yanashika shina. Halafu yeye ndiye wa kusema kulalia kuku. Mbele ya wanangu! Mdogo kaniuliza jioni: "Baba, kuku wanahamia lini?"

Mzee wa Marobota: Pole mkuu. Huyo huyo alisema bela yangu, mashine ya kufungia marobota, inakohoa.

Jino Legevu: Meno tisa msimu mmoja? Mleta uzi unalima au unakusanya nyasi? Pandisha reki, ncha ziguse nyasi zisiguse udongo. Kuku nao wana haki ya makazi.

Mleta uzi: Mashina nimeyaacha urefu wa vidole vinne, ncha zinapita juu kabisa. Meno yale yalikuwa ya tangu enzi za babu, chuma kimechoka. Na kuku usinitajie!

Kanyaga Pedali: Afadhali yako imetukanwa tu. Mimi nina ile ya kuvutwa na farasi, meno marefu yaliyopinda, ukikanyaga pedali inanyanyuka na kuacha rundo. Shemeji kaiazima, kairudisha ekseli imepinda, eti "niliikuta hivi hivi".

Mzee wa Marobota: Mashemeji! Wangu alirudisha trekta tangi kavu.

Kwekwe: Tangi kavu ni neema. Wangu alirudisha trekta haina betri.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye reki. Kaipiga TEKE.

Jino Legevu: Kwekwe, betri ilikuwa mpya?

Kwekwe: Wiki mbili tu mkuu. Kaa chini nikusimulie.