Koi wangu walikufa chini ya barafu: nifanyeje mwaka huu?

Mama Neema, Minneapolis, Marekani

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine. Nyuma ya nyumba yetu nina bwawa lenye kina cha mita 1.2 ninamofuga koi, wale samaki wa mapambo wenye rangi. Majira ya baridi yaliyopita barafu ililiziba lote kwa wiki nyingi, na ilipoyeyuka niliwakuta samaki 7 kati ya 12 wakielea, jambo lililoniuma sana kwa kuwa wanangu walikuwa wamewapa majina. Nilidhani maji yaliganda mpaka chini, lakini mume wangu alipopima mwezi wa pili, unene wa barafu haukufika hata nusu ya kina. Basi kilichowaua ni nini?

Baba Juma

Pole sana, Mama Neema. Inaelekea si baridi yenyewe. Maji huwa mazito zaidi yanapokuwa na nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo hayo hutuama chini, huku yaliyo baridi zaidi yakibaki juu na kuganda, na koi hutulia huko chini karibu bila kusogea. Hatari iko kwenye kule kuzibwa: majani yaliyozama huendelea kuoza, yakimaliza oksijeni na kutoa gesi ambazo hazina pa kutokea. Toa majani na tope sasa, tandaza wavu juu ya bwawa, kisha weka hita ndogo ya kuelea, ambayo kazi yake si kupasha maji yote joto bali kuacha tundu moja wazi. Tundu likiziba, tafadhali usipige barafu kwa nyundo, kwani mshindo wake hupita majini na kuwadhuru samaki. Weka juu yake sufuria yenye maji ya moto mpaka iyeyuke.

Mzee wa Duluth

Nakubaliana na Baba Juma, ila naongeza habari ya pampu ya hewa, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea miaka miwili mfululizo. Niliiacha mirija yake ya kutolea hewa chini kabisa kama wakati wa joto, nayo ikavuruga yale maji ya nyuzi 4 na kuyachanganya na ya juu, hata samaki wakakosa pa kujificha. Ipandishe karibu na uso wa maji. Chakula nacho ukiache kabisa maji yakishuka chini ya nyuzi 10, hata kama wanakufuata ukingoni, kwa maana matumbo yao hayasagi tena. Theluji ikirundikana juu ya barafu, fagia sehemu yake ili mwanga uifikie mimea iliyo majini.

Mama Neema

Ahsanteni sana. Kuna mti mkubwa unaolifunika bwawa, na majani yake sijawahi kuyatoa hata mara moja. Je, umeme ukikatika usiku?

Mzee wa Duluth

Saa chache hazidhuru, mwanangu. Tundu likiziba, utalifungua asubuhi kwa ile sufuria.